Mama Mita na Namba Timilifu ya Tano

Katika kiwanda kile kidogo cha uchapaji hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Bosi, mkata karatasi, binti wa kompyuta, hata mteja aliyekuja mara moja kuchapisha kadi zake na kwenda zake, wote walimwita Mama Mita. Jina lenyewe hakulipewa bure. Mashine aliyoiendesha, dude jeusi la chuma lililosimama chumba cha nyuma tangu kabla hajaajiriwa, ilikuwa na kidirisha kidogo ubavuni chenye tarakimu nane. Kila karatasi moja ilipopigwa chapa, tarakimu ya mwisho iliruka hatua moja: tak. Hiyo ndiyo mita. Watu wengine wakifika kazini asubuhi huulizana habari za nyumbani. Yeye aliinama kwanza, akaipangusa mita kwa kidole gumba, akaisoma, ndipo akainuka na kusema, "Haya, hamjambo?"

Alianza kuiendesha mashine hiyo akiwa na miaka ishirini na moja. Sasa alikuwa na hamsini na sita, vidole vyeusi kwenye kucha ambavyo sabuni ilishashindwa navyo, na sikio lililojua kila mlio wa rola na kila kikohozi cha mota. Shule aliiacha kidato cha pili, baba yake alipofariki, na katika yote aliyoyaacha huko kilichomuuma ni hesabu tu. Wenzake wakiona hesabu walitafuta mlango. Yeye aliziona namba kama watu wa mtaani kwake: nyingine karimu, zinagawanyika kwa kila anayebisha hodi, nyingine ngumu, hazikupi hata punje. Akisimama karibu na mashine siku nzima, alizisalimia zinavyopita. "Wewe unagawanyika kwa tisa, nakujua," utamsikia anasema peke yake. Mkata karatasi, mzee mwenzake aliyekuwa na mdomo usiojua kupumzika, alikuwa akimwambia, "Mama Mita, siku moja hiyo namba itakujibu, na mimi nitakuwa wa kwanza kuondoka humu ndani."

Basi mwaka mmoja kiwanda kilipata kazi ya kuchapa kitabu cha hesabu cha shule. Kwa kawaida mwendesha mashine hasomi anachochapa. Anaangalia wino, anaangalia mstari kama umenyooka, basi. Lakini kitabu hiki Mama Mita alikisoma. Alizisoma karatasi zikiwa bado mbichi, amezishika pembeni kwa ncha za vidole kama mtu anayekausha nguo ya mtoto mchanga. Na siku ya nne akafika kwenye ukurasa uliokuwa na kichwa cha habari, "Namba Timilifu".

Aliikumbuka habari hiyo kwa mbali, tangu enzi za mwalimu wake wa hesabu. Chukua sita. Vigawo vyake, yaani namba zinazoigawa bila kubaki kitu, ukiiacha sita yenyewe, ni moja, mbili na tatu. Zijumlishe: unapata sita ileile. Haikupungua, haikuzidi. Jaribu kumi: moja, mbili na tano, jumla nane, imepwaya. Jaribu kumi na mbili: moja, mbili, tatu, nne na sita, jumla kumi na sita, imefurika. Sita ndiyo iliyokaa sawasawa na nafsi yake, kwa hiyo inaitwa timilifu. Inayofuata ni ishirini na nane. Kisha unakwenda, unakwenda, mpaka 496. Kisha 8,128. Halafu, kitabu kilisema, ni kimya kitupu, unapita mamilioni kwa mamilioni bila kukutana na hata moja, mpaka unafika 33,550,336.

Mama Mita aliisoma namba hiyo mara mbili. Kisha, bila kujua kwa nini, akageuza shingo akaitazama mita yake.

33,129,408.

Alizima mashine. Mkata karatasi alitoa kichwa chumba cha pili.

"Vipi, umeona nyoka?"

"Zimebaki laki nne na elfu ishirini," alisema Mama Mita, macho yamemtoka pima. "Na mia tisa ishirini na nane."

"Za nini?"

Mama Mita alishachukua kalamu, anapiga hesabu mgongoni mwa karatasi iliyoharibika. Mashine ilipiga kama karatasi elfu nne kwa siku. Elfu nne kwa siku, siku tano kwa wiki: wiki ishirini na moja. Miezi mitano hivi. Namba aliyoambiwa darasani kwamba hakuna mtu atakayeishi kuihesabu moja moja, yeye alikuwa ameihesabu karibu yote, kwa mikono yake na ya aliyemtangulia.

*

Nyumbani aliishi na mumewe, fundi cherehani, mtu mpole mwenye futi ya kitambaa shingoni hata anapokula. Chumba cha mbele kilikuwa cha kushonea, na humo mlikuwa na meza kubwa ya kukatia nguo. Jumapili ile, mchana, Mama Mita alikunja vitambaa vyote vya wateja, akavipandisha juu ya kabati, akaiacha meza tupu.

"Leo kuna nini?" mume akauliza.

"Leo tunahakikisha. Kitabu kinaweza kukosea. Nimechapa vitabu vyenye makosa wewe hutaamini."

Wakaandika kwa chaki ya kukatia, juu ya meza palepale. Kwanza wakaigawa namba ile kwa mbili. Ikakubali: 16,775,168. Wakagawa tena, ikakubali. Tena na tena, mume akisoma kwa sauti na mke akiandika, mpaka mara ya kumi na mbili, ikabaki 8,191. Hapo ikagoma. Ilikuwa namba witiri, haigawanyiki kwa mbili.

"Sasa hii," alisema Mama Mita, "ili mambo yatimie, lazima iwe namba tasa."

Neno hilo halikuwa geni katika nyumba ile. Walikuwa na miaka thelathini ya ndoa na hawakujaliwa mtoto, na katika miaka ya mwanzo wifi yake alikuwa ameshalitamka, tena mbele ya wageni. Siku hizi wifi huyohuyo alikuwa akija kula kwao kila mwisho wa mwezi na yameshasahaulika, au tuseme yamewekwa mahali pake. Mume aliikuna chaki kwa ukucha.

"Tasa ndiyo ipi hasa?"

"Isiyogawanyika kwa namba yoyote, ila kwa moja na yenyewe. Hebu tuijaribu. Tugawane kazi, mimi nachukua hizi, wewe chukua hizo."

Hawakuhitaji kujaribu namba zote. Mama Mita alikumbuka kwamba ukizijaribu namba tasa zenyewe mpaka ufike karibu na tisini, umemaliza, kwa sababu tisini na moja mara tisini na moja inaipita 8,191. Ziko ishirini na nne tu. Wakazigawana kumi na mbili kila mmoja. Kwa tatu, inabaki moja. Kwa tano, inabaki moja. Kwa saba, inabaki moja. Kwa kumi na tatu, moja tena. Mama Mita alianza kucheka. "Ina kiburi hii! Kila mtu inamwachia moja tu." Kumi na tisa ikabakisha mbili, ishirini na tatu ikabakisha tatu. Meza ikajaa chaki mpaka viwiko vyao vikawa vyeupe.

Ndipo mume akaacha kuandika. Akaweka chaki chini taratibu, kama mtu aliyevunja kikombe cha watu.

"Mke wangu. Pole."

"Nini?"

"Themanini na tisa inaingia. Mara tisini na mbili, kamili, haibaki kitu."

Mama Mita alizunguka meza, akainama juu ya maandishi ya mumewe. Themanini na tisa mara tisini, 8,010. Sawa. Themanini na tisa mara mbili...

"Umeandika mia na themanini na moja!"

"Ndiyo."

"Themanini na tisa mara mbili ni mia sabini na nane, baba! Sabini na nane! Inabaki tatu!"

Fundi alitazama, akahesabu kwa vidole, akatazama tena. "Ndiyo maana yule mteja suruali yake ilimbana," alisema kwa unyonge, na wote wawili wakacheka mpaka wakashika mbavu, na jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna harusi.

Namba 8,191 ilikuwa tasa kweli. Baada ya hapo wakaviandika vigawo vyote ishirini na tano kwenye karatasi ndefu ya kukatia mitindo, kuanzia moja, mbili, nne, nane, mpaka ile nusu yenyewe ya milioni kumi na sita na ushee, na wakavijumlisha safu kwa safu. Jumla ilipotoka, mume ndiye aliyeisoma: milioni thelathini na tatu, laki tano na elfu hamsini, mia tatu thelathini na sita.

"Kwa hiyo," alisema mume akijifuta chaki, "hiyo timilifu haipatikani bila tasa ndani yake?"

"Hata zile ndogo. Sita ina tatu. Ishirini na nane ina saba. Na 496 ina thelathini na moja."

Mume akatikisa kichwa polepole. "Nitamwambia dada yangu," alisema. Na kweli alimwambia, mwisho wa mwezi, katikati ya chakula, na wifi akasema kwamba mchuzi umekolea, akamshika Mama Mita mkono chini ya meza akauminya.

*

Miezi ikaenda. Kiwanda kizima kilishajua. Binti wa kompyuta, aliyepanga maandishi na picha kabla ya kuchapwa, alibandika karatasi ukutani yenye namba zilizobaki, na kila jioni mtu mmoja alikata ya zamani na kuandika mpya. Hata mfunga vitabu, mama mkimya ambaye ungeweza kukaa naye wiki usisikie sauti yake, alipita asubuhi akauliza, "Ngapi leo?"

Miezi minne na ushee ilipopita, Bosi akawaita wote. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye simu mbili na shati lililochomekwa vizuri. Alitangaza kwa furaha: mashine mpya imefika bandarini, itafungwa wiki hiyohiyo. Rangi nne kwa mara moja. Na ile ya zamani? Jumamosi ya wiki ya pili angekuja mnunuzi wa vyuma chakavu na lori lake.

Watu walipiga makofi, kisha wakamgeukia Mama Mita. Yeye alikuwa ameshika tama. Mita ilisoma 33,512,900. Zilibaki karatasi 37,436, na siku kumi za kazi. Kwa mwendo wa kawaida zingetosha. Lakini nani angeipa kazi mashine inayosubiri lori, wakati mpya imesimama inang'aa chumba cha pili?

"Si uizungushe tu," mkata karatasi alimnong'oneza wakati wa chai. "Mita ni kidude cha meno meno. Nipe bisibisi, dakika tano, nakupeleka popote unapotaka. Ukitaka nakufikisha bilioni."

"Hapana."

"Nani atajua?"

"Mita itajua," alisema Mama Mita, na hakuwa anatania. "Karatasi milioni thelathini na tatu zimepita hapa kihalali. Nisije nikaiharibu mwishoni."

Mkata karatasi alikuna kidevu. Kesho yake asubuhi Mama Mita alikuta rundo la kazi pembeni ya mashine yake: vipeperushi elfu sita vya duka la viatu, vya rangi moja. "Rangi moja tu," alisema mkata karatasi huku akitazama dari. "Mashine ya rangi nne kwa kazi ya rangi moja ni ufujaji." Mchana binti wa kompyuta akaleta bahasha elfu tatu. Mfunga vitabu akaleta vifuniko vya madaftari, akaviweka, akaondoka bila neno. Kila kazi nyeusi iliyoingia kwa mlango wa mbele ilipata njia yake mpaka chumba cha nyuma, na dude lile la zamani likanguruma kutoka asubuhi mpaka saa ya kufunga.

Jumatano ya wiki ya pili Bosi akashtuka. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nieleweshe, mama yangu. Nimeleta mashine mpya kutoka ng'ambo. Imekaa pale kama bibi harusi aliyekosa bwana. Na kazi zote ziko hapa. Hapa kuna nini?"

Kila mtu alijifanya ana shughuli. Mama Mita alipangusa mikono kwa tambara, akafikiria kudanganya, akaona hawezi.

"Bosi, una kikokotoo kwenye simu?"

"Ninacho."

"Andika 8,191. Zidisha kwa 4,096."

Bosi akaandika, kwa sababu sauti ya Mama Mita ilikuwa ya mwalimu. Akapata 33,550,336. Mama Mita akamwonyesha mita. Kisha akamweleza, kuanzia sita, hadi ishirini na nane, mpaka kimya kile cha mamilioni. Alimweleza vibaya mwanzoni, maneno yakigongana, halafu akatulia akaeleza vizuri. Bosi alijijaribia mwenyewe ishirini na nane: moja, mbili, nne, saba, kumi na nne. Akajumlisha kwa midomo. Uso wake ukafunguka kidogo kidogo, ukawa uso wa kijana wa darasa la sita.

"Na hii ya tano iko kwenye mashine yangu?"

"Iko kwenye mashine yako. Zimebaki elfu nane na mia tisa."

Bosi alizitazama simu zake mbili, zote zinaita. Akazizima. "Kuna fomu za ripoti za shule," alisema. "Elfu tano. Nilitaka zipigwe kule kwa mpya. Zileteni huku."

*

Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi, hakuna aliyekuwa kwenye kazi yake. Mume wa Mama Mita alikuja na futi yake shingoni na sindano mbili zimechomekwa kwenye kola. Mwalimu mkuu wa shule yenye fomu zile, mwanamke mrefu mwenye miwani, alikuja kuulizia mzigo wake, akaona umati, akaambiwa sababu, akaweka mkoba chini akabaki.

Mama Mita alipunguza mwendo mpaka mashine ikawa inatembea kama mtu anayevuka barabara. Tak. Tak. Binti wa kompyuta alikuwa amepiga magoti karibu na mita, anasoma kwa sauti: "Mia tatu thelathini na moja! Na mbili! Na tatu!" Mfunga vitabu, yule mkimya, alikuwa anapiga kelele kuliko wote. "Na nne! Na tano!"

Tak.

Mama Mita akavuta mkono wa kuzimia. Mashine ikashusha pumzi, ikanyamaza. Kwenye kidirisha: 33550336.

Kabla hajaweza kushangilia, macho yake ya kazi yaliona kitu. Meno ya mashine, yale yanayokamata karatasi, yalikuwa yameikamata hii kwa pembe moja. Akaichomoa. Fomu ilikuwa imekwenda upande, mistari yote inateleza kama nyumba iliyojengwa mlimani, na neno "Hisabati" limekatika katikati. Karatasi mbovu kuliko zote alizozipiga mwaka ule.

Watu waliitazama, kisha wakamtazama yeye. Mama Mita alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akawa anaipungia karatasi ile hewani. "Timilifu!" alisema. "Timilifu yenyewe hii!" Mkata karatasi alipata nafasi aliyoingojea tangu aajiriwe, akaruka juu ya rundo la karatasi na kutoa hotuba ambayo hakuna aliyeisikia kwa ajili ya vigelegele.

"Ingetoka nzuri," Bosi alimwambia akiwa na meno yote nje, "ingebidi nimpe mwalimu, ni mali ya shule. Mbovu ni yako. Nenda nayo nyumbani."

Mwalimu mkuu aliishika karatasi kwa heshima, akaisoma, akairudisha. "Na inayofuata baada ya hii?"

"Iko kwenye bilioni nane na ushee. Nimeipigia hesabu. Kwa mwendo wetu huu, miaka elfu nane na zaidi."

"Bosi," mkata karatasi akadakia, "usiuze mashine, bado kidogo tu."

Walipomaliza kucheka, Mama Mita alikohoa. Alikuwa na neno jingine, na alikuwa analionea haya kidogo. "Lakini iko nyingine karibu. Si timilifu, ni jirani yake. Mbele yetu karatasi 4,096."

"Tena?" Bosi alisema.

"Fomu zilizobaki ni elfu nne na mia moja. Hatupotezi kitu. Ziko palepale."

Zikapigwa. Jua lilipokuwa linakaribia kuzama, na watu wamekula wamesimama, mita ilifika 33,554,432. Safari hii Mama Mita hakueleza lolote. Alimwambia Bosi aiandike kwenye kikokotoo na aigawe kwa mbili, na aendelee kugawa mpaka akome. Bosi akabonyeza. Watu wote wakahesabu mara kwa sauti. Moja! Mbili! Kila mara nusu ilitoka safi, bila kubaki kitu. Mara ya kumi Bosi alikuwa anatabasamu. Mara ya kumi na tatu alisema, "4,096! Hii si ndiyo ile?" Mara ya ishirini ilikuwa thelathini na mbili na chumba kizima kilikuwa kinaimba. Ishirini na moja: kumi na sita. Ishirini na mbili: nane. Nne! Mbili! Na mara ya ishirini na tano kidole cha Bosi kilibonyeza polepole, kama anaogopa, na simu ikaonyesha moja.

"Imeanza na moja," alisema Mama Mita, "ikajizidisha mara mbili, mara ishirini na tano. Ndiyo hii. Mtu mmoja na wawili, wawili na wanne, mpaka mji mzima."

Fundi cherehani alikuwa amesimama nyuma, anajifuta macho kwa ncha ya futi, anawaambia watu asiowajua, "Huyo ni mke wangu. Huyo pale. Ni mke wangu."

*

Lori lilikuja Jumamosi. Mnunuzi wa vyuma, mtu mnene mwenye glavu, aliomba aione mashine ikizunguka kabla ya kuifungua. Mama Mita akamwashia. Mtu yule alisikiliza, akainamisha sikio, akavua glavu moja akaweka kiganja juu ya chuma. "Hii siikati," alisema. "Hii ina uhai bado." Aliichukua nzima na kumuuzia mchapaji mdogo wa mji mwingine. Mama Mita aliisindikiza mpaka barabarani, akaipiga kofi mgongoni kama unavyompiga ng'ombe, na akarudi ndani kujifunza mashine mpya, ambayo mita yake ilikuwa ya mwanga na ilianza na sifuri. Sita ilipita kabla hajaketi vizuri. Ishirini na nane ilipita akiwa anatafuta kitufe.

Wiki tatu baadaye mwalimu mkuu alipiga simu. Alitaka Mama Mita aje azungumze na darasa la saba. Mama Mita alikataa mara mbili. Mara ya tatu mumewe alikuwa tayari amemshonea gauni la bluu lenye mifuko miwili, mmoja wa chaki, mmoja wa kitambaa cha kufutia jasho, na gauni lilimkaa bila kubana popote.

Alisimama mbele ya watoto hamsini, akaandika sita ubaoni. Akauliza vigawo vyake, wakamjibu. Akaandika ishirini na nane. Kufika 496 watoto walikuwa wamesimama juu ya viti wanagombea kujibu, na mwalimu wao ameacha kuwakataza. Akawasimulia mashine, mita, karatasi iliyokwenda upande. Wakacheka pale pale alipotaka wacheke.

Ndipo msichana mmoja wa kiti cha nyuma, mwembamba, aliyekuwa kimya muda wote, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, bibi. Sita ni shufwa. Ishirini na nane ni shufwa. Zote ulizoandika ni shufwa. Je, iko timilifu iliyo witiri?"

Mama Mita aliutazama ubao. Kitabu kile kilikuwa na mstari mmoja juu ya swali hilo, chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Alikuwa ameusoma karatasi ikiwa mbichi, na kisha akaenda kumuuliza binti wa kompyuta aulizie kwenye mtandao, na jibu lilikuwa lilelile.

"Marahaba, mwanangu. Sijui," alisema. "Na mwalimu wako hajui. Na wakubwa wote wa hesabu, tangu zamani sana mpaka leo asubuhi, wameitafuta na hawajaipata, wala hawajaweza kuonyesha kwamba haipo. Hakuna anayejua duniani."

Msichana yule akakaa, akafungua daftari lake ukurasa mpya, akaandika tatu, akaandika tano, akaandika saba, akaanza kuvitafuta vigawo vyake. Jirani yake akachungulia, akafungua la kwake.

Mama Mita alichukua chaki nyingine mfukoni, akavuta kiti kidogo, akaenda kukaa kati yao.